Malezi ya Moyo katika Njia ya Misafara: Watoto wa Unyanyembe

Richard Burton alifika Kaze, iliyo sehemu ya Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1860, alieleza kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye umri wa miaka 6 au 7 walikuwa wakichukua kalasha, yaani pembe ndogo za ndovu, mabegani mwao. Akawafananisha na watoto wa mbwa wa kuwindia, wazaliwao na ujuzi wa wazazi wao.

Mfano huo ni wa dharau, tena una kosa la hoja. Mtoto hazaliwi mpagazi. Alichokidhani Burton kuwa kimo damuni kilikuwa kimefundishwa. Wanyamwezi walisafiri zaidi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wengi wao walifuatana na wake zao na watoto. Njia yenyewe haikuwa na huruma: mwaka 1871 Stanley alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, naye alipita Mgunda Mkali, nyika yenye kiu. Kiu, hofu na uchovu vyaweza kumshinda hata mtu mzima. Yamkini kalasha ile haikuwa na faida kubwa kwa biashara. Faida yake ilikuwa kwa mtoto, aliyepata mzigo wa kadiri yake na nafasi yake katika msafara, huku mama yake akiwa karibu wa kumbembeleza alipolia.

Hapa lugha yafaa kusikilizwa. Kiswahili chatenga kunyamaza na kutulia. Aliyenyamaza huenda hajatulia. Amekatazwa kulia tu, au ameona kwamba hakuna amsikiaye. Mwalimu wa darasa la awali, ambalo sera ya elimu ya mwaka 2014 ililiweka kuwa la kipindi kisichopungua mwaka mmoja, aijua tofauti hiyo tangu asubuhi ya kwanza, mama anapoondoka mlangoni. Waandishi wa safari hawakuijua, au hawakuijali.

Ushahidi wa jambo hili umo Tabora kwenyewe. Mwezi wa Septemba 1871 mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa. Jina lake, kwa maandishi ya Stanley, lilikuwa Ndugu M'hali, naye alilifasiri kuwa mali ya ndugu. Halikumpendeza. Mmoja wa watu wake akapendekeza Kalulu, mtoto wa swala, kwa ajili ya wepesi wa macho yake. Stanley asifu sana uchangamfu wa mtoto huyo. Juu ya huzuni ya mtoto aliyetengwa na mama, kisha akavuliwa na jina, hasemi neno la maana. Kalulu alipelekwa Uingereza, akasomeshwa Wandsworth, na mwaka 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone.

Mtoto wa mpagazi alikuwa na watu wa kumrudisha katika utulivu. Kalulu alikuwa na bwana wa kumsifu. Mwaka 1876, katika nchi za Ziwa Tanganyika, alitoroka. Akatafutwa, akarudishwa msafarani. Mwezi wa Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na mkondo wa mto Kongo, akafa maji. Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu, kwa jina lile lile lililotungwa Tabora.