Chama cha Mpira ni Mali ya Nani?

Wengi hudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Hayo ni sehemu yake, lakini si yote. Watu wa kawaida nao wana historia yao, nayo huonekana katika mambo waliyoyaunda kwa hiari yao wenyewe: shule, vyama vya ushirika, nyumba za ibada, na vyama vya mpira. Chama cha mpira huzaliwa, hukua, hupatwa na maradhi, na pengine hufa. Ugonjwa ulioua vyama vingi kuliko kushindwa uwanjani ni ufukara. Insha hii yaeleza jinsi vyama vitatu vilivyoingia katika taabu hiyo, na jinsi wapenzi wake walivyovishika mkono.

Tuanze nyumbani. Katika nchi ya Wagusii, tangu zamani, mtu aliyezidiwa na kazi ya shamba hakuachwa peke yake. Majirani walikusanyika wakalima kwa pamoja, na mwenye shamba akawaandalia chakula na kinywaji. Kazi hiyo ya pamoja iliitwa risaga. Aliyesaidiwa leo alijua kuwa kesho ni zamu yake kusaidia. Asiyekwenda kwa wenzake hakutarajia wenzake waje kwake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, neno Harambee lilipotolewa kuwa wito wa taifa, watu wa milima hii hawakuona kuwa ni fundisho geni. Shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa wito huo, na huenda baadhi yenu mnaosoma maneno haya mmeketi chini ya paa lililonunuliwa kwa shilingi za wakulima.

Mwaka 1980 kilizaliwa mjini Kisii chama cha mpira kiitwacho Shabana, kwa jina la duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa mfadhili wake. Jina lilikuwa la duka, lakini muda haukupita watu wakalifanya kuwa lao. Katika miaka ya 1980 na 1990 Shabana ilisimama katika ligi kuu ya Kenya, ikikabiliana na Gor Mahia na AFC Leopards, vyama vikubwa kuliko vyote nchini. Wapenzi wake waliipa jina la Tore Bobe, wakaifuata. Siku ya mchezo mkulima wa majani ya chai wa Ekerenyo, mwenye duka wa Nyamira na mwalimu wa Kisii waliweza kukaa bega kwa bega katika Uwanja wa Gusii, wakashangilia kwa sauti moja. Tangu mwaka 2013 watu hao wamo katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zenye magavana wawili na mabunge mawili; lakini chama chao cha mpira hakikugawanyika.

Sasa yafaa tuulize: chama chenye wapenzi wengi hivyo hufilisikaje? Jibu si gumu. Wachezaji hula, husafiri, huugua na huumia, nao wanazo familia za kulisha. Timu ya Kisii ikienda kucheza Mombasa hulazimika kuvuka karibu nchi nzima, nayo gharama ya safari hailingani na matokeo: aliyeshindwa hulipa nauli sawa na aliyeshinda. Mapato, kwa upande wa pili, hayana uhakika. Mvua ikinyesha, watu huwa wachache na kiingilio hupungua. Mfadhili akichoka au biashara yake ikiharibika, huondoka. Mwaka 2019 kampuni ya kamari iliyokuwa ikivifadhili Gor Mahia na AFC Leopards ilipojiondoa, hata vyama hivyo vikubwa vilitikisika, na wachezaji wakakaa bila mishahara. Ikiwa wenye nguvu waliyumba, wadogo wangefanyaje?

Shabana iliteremka kutoka ligi kuu mwaka 2006. Kwa chama cha mpira kuteremka ni msiba wenye kuzaa misiba mingine. Katika ligi za chini magazeti hayaandiki sana, wafadhili hawatazami, na wachezaji hodari huondoka kutafuta riziki kwingine. Vyama vingi vya Kenya vilivyoteremka havikurudi tena, na majina yao leo yakumbukwa na wazee tu. Shabana ilikaa huko miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ilipoteremka alikuwa karibu kumaliza shule ya sekondari iliporudi. Muda huo wote haikufa, kwa sababu wapo waliokataa kuizika: waliolipa kiingilio kutazama mchezo wa ligi ya chini kana kwamba ni fainali, na waliowafundisha watoto wao jina la chama ambacho watoto hao hawakupata kukiona katika enzi yake. Mwaka 2023 Shabana ilipanda tena ligi kuu pamoja na Murang'a SEAL, na Uwanja wa Gusii ukafurika watu kama zamani.

Mfano wa pili watoka Tanzania. Young Africans, yaani Yanga ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilikuwa imeegemea kwa miaka kadhaa mali ya mwenyekiti wake, marehemu Yusuf Manji, mfanyabiashara tajiri. Alipojiuzulu mwaka 2017, ilionekana kuwa ukuta ulikuwa umesimama juu ya nguzo moja. Mishahara ilichelewa, na wachezaji wakanung'unika. Hapo kocha Mwinyi Zahera, mzaliwa wa Kongo, aliacha kungoja muujiza, akawaita wapenzi wa chama wachange kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Michango ikaja kwa njia ya simu, shilingi elfu kwa elfu. Katika msimu wa 2018/19 timu hiyo iliyokuwa ikiishi kwa michango ilimaliza ya pili katika ligi, nyuma ya Simba. Mwezi wa Juni 2019 ukafanywa mkutano mkubwa wa harambee jijini Dar es Salaam, ulioitwa Kubwa Kuliko. Baadaye ikaja kampuni ya GSM kuidhamini. Yanga ikatwaa ubingwa wa msimu wa 2021/22 pasipo kupoteza mchezo hata mmoja, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mdhamini alikuja, naam. Lakini alikikuta chama kingali hai, na waliokiweka hai ni wenye shilingi elfu.

Mfano wa tatu watoka mbali, kaskazini mwa Uingereza. Huko huchezwa raga ya wachezaji 13, mchezo uliozaliwa mwaka 1895 katika mji wa Huddersfield. Sababu ya kuzaliwa kwake ilikuwa riziki: wachezaji wa kaskazini walikuwa wafanyakazi wa viwanda na migodi, na walipokosa kazi kwa ajili ya mchezo walitaka walipwe ujira walioupoteza. Wakubwa wa raga walikataa, na vyama zaidi ya 20 vikajitenga. Kimoja cha vyama vya mchezo huo kilikuwa Bradford Northern, ambacho katika miaka ya 1940 kilikuwa na sifa kubwa. Uwanja wake, Odsal, ulijaza watu 102,569 mwaka 1954 katika fainali ya kombe iliyorudiwa baina ya Halifax na Warrington. Lakini Novemba 1963 Bradford walipocheza na Barrow katika uwanja ule ule, watazamaji walikuwa 324. Mwezi uliofuata chama kikafunga milango kwa kukosa fedha.

Wachezaji wawili wa zamani, Trevor Foster na Joe Phillips, hawakukubali. Mwaka 1964 uliitishwa mkutano wa hadhara, na watu wapatao 1,500 wakahudhuria. Fedha zikachangwa, chama kipya kikaundwa, na Agosti mwaka ule ule timu ikarudi uwanjani kucheza na Hull Kingston Rovers. Waliokuja kutazama walikuwa 14,542. Tazama hesabu hizi vizuri: watu 324 kabla ya kifo, na 14,542 baada ya kufufuka. Je, elfu hizo walikuwa wapi chama kilipokuwa kikizama? Walikuwa majumbani mwao, kila mmoja akidhani kuwa mwenzake amekwenda.

Hapo ndipo penye fundisho zito kuliko yote. Mapenzi ya moyoni hayalipi deni. Shabiki asemaye kuwa aipenda timu yake, kisha akaruka ukuta ili asilipe kiingilio, ameiibia timu aipendayo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijazwi na mtu anayeahidi.

Yapo maneno ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Pengine utasema kuwa si vema maskini wachangishwe kufidia makosa ya viongozi. Ni kweli kwamba mchango huokoa, lakini hauendeshi. Ni kama uji wa mgonjwa, ambao humwinua kitandani bali haumtoshi mwenye kulima. Ni kweli pia kwamba harambee nyingi zimeliwa na wachache, hata watu wakachoka kutoa. Lakini dawa ya hayo si kuacha kutoa. Katika risaga kila mtu aliliona shamba alilolilima, akajua mwanzo wa kazi na mwisho wake. Mchango wa fedha nao yafaa uonekane hivyo hivyo: kiasi kilichopatikana kitangazwe, matumizi yaandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote waliotoa. Pasipo daftari, ukarimu wa watu hugeuka kuwa shimo lisilojaa.

Basi chama cha mpira ni mali ya nani? Katika mifano hii mitatu wafadhili walikuja wakaenda, viongozi walichaguliwa wakaondolewa, na wachezaji walizeeka. Waliobaki daima ni wale wakaao juu ya nyasi na mabao ya uwanja. Mali hiyo ni yao, na kwa sababu ni yao, mzigo wake pia ni wao. Mwenye mali asiyekubali kuitunza wala kuihesabu hana haki ya kulia ipotewapo. Naye aliyeitunza katika njaa ana haki ya kuicheza ngoma yake siku ya ushindi.