Kufilisiwa na Kufilisika

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, wakaishia hapo. Hawakutuambia dawa ya deni lisilolipika ni ipi. Swali hilo liliachiwa mahakama, nazo zilichukua karne nyingi kulijibu. Nataka kusimulia kwa ufupi jinsi jibu hilo lilivyopatikana, kwa sababu naona watu wengi wa rika langu, hasa walimu wastaafu, wanaumia kwa kutolijua.

Nianze na lugha, maana ndiyo iliyonilisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu. Neno muflisi tumelipata kwa Waarabu. Asili yake ni fulusi, yaani vipesa vya shaba. Muflisi ni yule aliyekuwa na dirhamu za fedha na sasa amebakiwa na shaba tupu. Waitaliano wa zamani walisema benchi la mfanyabiashara limevunjika, na kutoka kwao Waingereza wakapata neno lao. Kiswahili kwa upande wake kinatupa vitenzi viwili. Kufilisiwa kuna mtendaji: mtu amekuja, ametwaa mali. Kufilisika hakuna mtendaji: ni hali iliyomfika mtu. Wanachuo wangu walijifunza tofauti hiyo katika somo la kauli za vitenzi. Ukiitazama historia ya sheria ya ufilisi, utaona ni safari ndefu ya kutoka kitenzi cha kwanza kwenda cha pili.

Sheria tunayoitumia Tanzania ilitoka Uingereza, kwa hiyo hatuna budi kwenda huko. Sheria ya kwanza ya ufilisi ya Waingereza ilitungwa mwaka 1542, zama za Mfalme Henry wa Nane. Ilimwona mdaiwa kuwa mkosaji, na shabaha yake ilikuwa kuwapa wadai mali yake wagawane. Mwaka 1571 sheria hiyo ikafungwa kwa wafanyabiashara peke yao. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1705, pale ilipokubaliwa kwamba mfanyabiashara aliyetoa mali yake yote kwa uaminifu angeweza kusamehewa deni lililobaki. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa aliyeficha mali. Rehema na kitanzi viliandikwa katika karatasi moja.

Na asiye mfanyabiashara je? Huyo aliendelea kutupwa gerezani kwa deni, hata dogo. Mwaka 1824 karani mmoja, John Dickens, alifungwa katika gereza la Marshalsea mjini London kwa kudaiwa na mwoka mikate kiasi cha pauni 40 hivi. Mwanawe Charles, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, akibandika karatasi kwenye vikopo. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, na gereza lile halikumtoka moyoni maisha yake yote. Hebu tulifikirie jambo hili kwa akili ya kawaida: mtu anadaiwa, unamfungia mahali asipoweza kufanya kazi, kisha unamwambia alipe. Waingereza walichukua muda mrefu kuuona upuuzi huo. Mwaka 1861 mlango wa ufilisi ulifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1869 kifungo cha deni kikafutwa kwa sehemu kubwa, kikabaki kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa. Mwaka 1883 akawekwa ofisa wa serikali, Mpokeaji Rasmi, ili mali ya muflisi isimamiwe na mtu asiye mdai wala mdaiwa.

Nisionekane nasema kwamba hekima hiyo ilizaliwa Ulaya. Sheria ya Kiislamu, inayojulikana katika pwani yetu tangu zamani, ilikwisha kuamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na ikampa kadhi uwezo wa kumzuia muflisi kutumia mali yake mpaka wadai wagawiwe haki zao.

Waingereza walizikusanya sheria zao za ufilisi katika sheria moja mwaka 1914, na mwaka 1930 ikanakiliwa kwa Tanganyika na vilevile kwa Kenya. Kwetu ingali inatumika, ndiyo Sura ya 25 ya sheria za nchi. Utaratibu wake ni huu. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, ama na mdai ama na mdaiwa mwenyewe. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya upokezi, na mali huingia mikononi mwa Mpokeaji Rasmi. Kazi hiyo siku hizi iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadai huitwa mkutanoni, na mdaiwa huhojiwa hadharani juu ya mali na mwenendo wake. Akitangazwa muflisi, mali hugawanywa kwa daraja: kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi hutangulia, wadai wa kawaida hufuata. Zana za kazi yake, nguo na matandiko havimo katika mgawo, kwa kiasi kilichowekwa na sheria. Baadaye anaweza kuiomba mahakama imwondolee ufilisi, nayo hukubali, hukataa au huahirisha kwa kutazama jinsi alivyojiendesha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye naye sasa amestaafu ualimu, alikuja nyumbani kwangu akiwa amekonda. Alikuwa amekopa kwa mmoja wa wale ambao mikopo yao watu wameibatiza jina la kausha damu, na amemwachia kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Pensheni ikiingia, mkopeshaji anaitoa yeye. Baada ya kuniamkia akauliza jambo moja tu: "Mwalimu, ni kweli nitafungwa?"

Nilimweleza ninayoyajua. Gereza la madai lipo katika sheria yetu, ila mkopeshaji hawezi kumpeleka mtu huko kwa mdomo wake. Lazima kwanza kuwe na kesi na hukumu, na mdaiwa apewe nafasi ya kueleza kwamba hana uwezo. Mdai ndiye hulipia chakula cha mfungwa wake, na kifungo hakizidi miezi 6. Kisha likaja jambo lililomshangaza zaidi: mfungwa wa madai akitoka, deni lake halijafutwa. Nikamwambia pia kwamba katika kukaza hukumu sheria hailiruhusu dalali wa mahakama kuchukua vyombo vya kupikia, kitanda, zana za fundi wala jembe la mkulima. Halafu nikampeleka kwa msaidizi wa kisheria, ambao wametambuliwa na sheria ya mwaka 2017, kwa maana mimi ni mwalimu wa historia, si wakili.

Njiani alinisihi nisimwambie mtu. Hapo niliona kwamba aibu inamfunga kuliko sheria. Aliogopa jina la muflisi kuliko njaa, ndiyo maana alikuwa akikopa huku ili alipe kule. Desturi yetu haijamtenga aliyekula mali ya watu na aliyeshindwa kwa maradhi, ukame au kumdhamini ndugu. Sheria, pamoja na ukali wake, imeshajifunza kuwatenganisha hao wawili.

Majirani zetu wa Kenya wametutangulia. Mwaka 2015 waliifuta ile sheria ya 1930 wakatunga mpya, ambamo muflisi asiyepingwa huwa huru baada ya miaka 3 bila kwenda kuomba, na mdaiwa mdogo asiye na mali yoyote amewekewa utaratibu wake mwepesi. Sisi bado muflisi huenda mwenyewe kuomba, tena Mahakama Kuu, na gharama yake mwalimu wa kijijini haimudu. Naona ni haki nasi tuwe na mlango mfupi kama huo.

Sidai kwamba madeni yasilipwe. Anayeweza na alipe, kwa kuwa mkopeshaji naye ana watoto. Ila aliyetoa vyote alivyonavyo, akavihesabu mbele ya watu bila kuficha, amekwisha kulipa kwa kadiri ya uwezo wa binadamu. Mtu huyo aachiwe jembe lake, na arudi shambani.