Kila Mtu Nairobi Anataka Mbuyu, Hakuna Anayemwagilia Mchicha

Wasee, kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia: "vipaji" na "uhaba". Kampuni kubwa ya nje ikifungua ofisi Nairobi, mkubwa fulani wa serikali anasimama mbele ya kamera anasema jiji letu limejaa vipaji. Kidogo tu, mwenye kampuni changa ya hapa anashika maikrofoni kwenye kongamano anasema hakuna watu wa kuajiri. Na katikati yao uko wewe, na diploma yako ya kompyuta, laptopu ya mkopo, na maombi ya kazi uliyotuma mpaka ukaacha kuhesabu.

Sasa nani anadanganya? Nimeifuatilia hii historia kwa muda (muda ninao, chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika) na naona hakuna anayedanganya. Wanaongea tu kuhusu watu tofauti. Nairobi ina vijana wengi sana wanaojua kuandika programu kiasi. Pia ina watu wachache waliokaa kazini miaka saba, nane, kumi, wakavunja mifumo, wakaitengeneza tena saa nane za usiku, mpaka wakakomaa. Wale wengi hawana mlango wa kuingilia. Wale wachache wanang'ang'aniwa kama kiti cha matatu saa kumi na mbili jioni. Kinachokosekana ni ngazi ya kutoka huku kufika kule, na hilo shimo halikuanza jana. Limeanza na jiji lenyewe.

Fundi alikuja na meli

Jina Nairobi linatokana na Enkare Nairobi, maji baridi kwa lugha ya Wamaasai. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa Mei 1899, na Waingereza wakaweka kambi na karakana kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Hiyo kambi ndiyo ilikua ikawa jiji. Reli ndiyo ilikuwa teknolojia kali ya wakati huo, na wa kuijenga walitoka nje: watu karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka India, wakiwemo vibarua, waashi, maseremala na wahunzi. Takriban 2,500 kati yao walikufa kazini.

Mwafrika alichukuliwa zaidi kwa kubeba, kuchimba na kufyeka. Ubaguzi ulichangia, hilo liko wazi. Lakini pia kulikuwa na hesabu ya mtu mwenye haraka: kuleta fundi aliyeiva ni rahisi kuliko kukaa chini umfundishe mwingine. Wamishonari walikuwa wanafundisha useremala na uashi hapa na pale. Chuo cha ufundi cha serikali pale Kabete, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic, kilianza mwaka wa 1924. Treni imefika 1899, Kabete inafunguliwa 1924. Miaka 25! Mtoto aliyezaliwa siku reli inafika alikuwa ashakuwa mzazi.

Baada ya uhuru vyuo viliongezeka, lakini chuo si kazi. Kumbuka gari la Nyayo. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, na kufikia 1990 Nyayo Pioneer ilikuwa inatembea barabarani. Ujuzi ulikuwepo. Halafu kiwanda cha kuzitoa kwa wingi hakikufika popote, na wale mafundi na wahandisi hawakupata mahali pa kurudia hiyo kazi mara mia wakiwa na vijana nyuma yao wanaangalia. Ukitengeneza kitu mara moja ukaacha, umepata hadithi ya kusimulia. Tasnia inahitaji watu wanaorudia kila siku.

Enzi ya saiba na faiba

Mwaka wa 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Wakati huo intaneti ilikuwa ya setilaiti na bei yake ilikuwa noma. Barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda nyingine hapa hapa Nairobi ilizunguka ng'ambo kwanza. Mwaka wa 2000 kampuni hizo zilijenga kituo cha kubadilishana data humu nchini, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika, na kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena mwaka wa 2002. Waliojua kazi walikuwepo, lakini ruhusa ya kufanya ndiyo ilichelewa.

Halafu ikaja Machi 2007 na M-Pesa. Najua tunaipenda, na hata mimi nalipwa nayo. Lakini hii sehemu hatuisemi sana: ule mfumo wa kwanza ulitengenezwa Uingereza chini ya Vodafone, na seva zake zilikaa Ujerumani mpaka mwaka wa 2015. Maajenti walikuwa wetu na wateja walikuwa sisi. Lakini kwa miaka minane, ule uzoefu wa kulala na mashine, kujua inavunjika wapi na kwa nini, sehemu kubwa ulikuwa unakomaa mbali na Nairobi.

Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia, Erik Hersman na wenzao walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu, watu wakawa wanaripoti vurugu kwa simu na kwa intaneti na ripoti zinaonekana kwenye ramani. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah kule Imarati mwezi wa Juni, SEACOM ikaanza kazi mwezi wa Julai. Machi 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu ya hii historia, kwa sababu pale ambaye hajui alikuwa anakaa meza moja na anayejua. Mchicha unamea hivyo.

Mavuno

Mwaka wa 2015 Andela, iliyoanzia Lagos mwaka mmoja kabla, iliingia Nairobi na wazo ambalo lingeziba lile shimo: tunakuchukua ukiwa bado mbichi, tunakulipa ukijifunza, halafu unafanyia kampuni za nje kazi ukiwa huku, kwa mkataba wa miaka minne. Kuingia kulikuwa kugumu, chini ya mtu 1 kwa kila 100 walioomba. Juni 2016 pesa za Mark Zuckerberg na mkewe ziliongoza uwekezaji wa dola milioni 24. Mwezi wa Septemba akatua Nairobi mwenyewe, akapita iHub, akala samaki na ugali kwa Mama Oliech. Nilikuwa shule ya msingi, na hata mwalimu wetu alikuwa na ile picha kwa simu.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2019, Andela ilitangaza kupunguza takriban watu 400 waliokuwa wanaanza kazi Kenya, Uganda na Nigeria. Sababu waliyotoa: wateja wanataka wazoefu, na wanaoanza wamekuwa wengi kuliko kazi zao. Soma hiyo tena polepole. Mahali palipojengwa kugeuza mchicha kuwa mbuyu paliamua kuuza mibuyu tu. Mwezi huo huo iHub ilinunuliwa na CcHub ya Lagos.

Sasa angalia kilichofuata. Mei 2019 Microsoft ilikuwa imetangaza kituo cha wahandisi Nairobi na Lagos, na ahadi ya kuajiri watu 500 kufikia 2023. Aprili 2022 Google ikatangaza kituo chake cha kwanza Afrika cha kutengeneza bidhaa, hapa Nairobi. Mwezi huo huo Visa nayo ikafungua chake. Kumbuka pia korona ilikuwa imefundisha dunia kwamba mtu anaweza kufanya kazi ya London akiwa Kasarani. Na dola iliyokuwa kama shilingi 100 mwanzoni mwa 2020 ilifika karibu 160 Januari 2024. Tuseme una kampuni changa na unamlipa mtu wako bora laki mbili. Anapigiwa simu na mtu anayelipa kwa dola. Hesabu imeisha.

Wenye kampuni za hapa walilia kwamba vipaji vyao vimeibiwa. Hilo neno silikubali. Mtu si mbuzi wa kuibiwa usiku. Kama umelipa kodi ya nyumba Umoja kwa msoto miaka mitano na mlango wa kuomoka umefunguka, ingia, na uwaite wenzako. Swali langu ni lingine: huyo mmoja akiondoka, nyuma yake walikuwepo wangapi waliokuwa wanaandaliwa kukalia kiti chake? Kwa ofisi nyingi, hakuna hata mmoja. Kuna kampuni, jina nalibana, ilimchukua rafiki yangu atachi miezi mitatu. Alipika chai na kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Alipotoka akaambiwa hana uzoefu. Maze, angeutoa wapi?

Na kuna Nairobi nyingine ambayo haiko kwenye picha za uzinduzi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama hapa Nairobi, waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu ili OpenAI iifundishe ChatGPT isiyatoe, walikuwa wanapata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za aina hiyo waliofanyia Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Tofauti na reli, hawa hawakuhitaji kuletwa na meli. Lakini ngazi ni ile ile: kazi ya chini ni nyingi na haikupeleki juu. Unaweza kukaa mwaka mzima unasoma uchafu wa dunia, na ukitoka bado hujui hiyo mashine imejengwaje.

Shilingi hamsini

Kuna watakaosema soko litajipanga lenyewe. Soko limekuwa na miaka zaidi ya 120 ya kujipanga Nairobi, na kila mara limechagua aliyeiva. Siwalaumu, biashara ina haraka. Ndio maana ngazi lazima itoke kwa sheria, na tayari tunayo, ni vile hatuijui.

Kila mwajiri Kenya anatakiwa kulipa tozo ya mafunzo kwa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kiasi ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Hamsini! Bei ya smokie na yai. Awe ni mlinzi wa elfu kumi na tano ama mhandisi wa nusu milioni, ni hamsini tu. Afrika Kusini wana tozo ya aina hiyo hiyo, lakini kule ni asilimia 1 ya mishahara. Weka hiyo hapa: mtu wa laki tatu angeleta shilingi 3,000 kila mwezi kwa mafunzo, badala ya 50. Kampuni inayovuna wazoefu wengi ndiyo ingelipa zaidi, na inayofundisha wanaoanza ndiyo ingerudishiwa. Duka la mtaani la wafanyakazi wawili tunaweza kuliacha nje kabisa. Sitaki kampuni za nje zifukuzwe. Nataka zilipie mbegu kama zinavyolipia matunda.

Na ninyi wenye kampuni changa mnaolia, hii inawahusu pia. Ukiwa na wazoefu watano na hakuna anayeanza hata mmoja, usishangae watano wakiondoka na ofisi yote. Mchukue wawili wabichi, uwalipe kitu cha nauli na chakula, uwape kazi ya kweli na mtu wa kuwasahihisha. Wengine wataondoka wakikomaa, lakini mjini kutakuwa na watu zaidi wa kuajiri, na wewe utaajiri kutoka hao hao.

Mbogi yangu ina watu wanne wanaojifundisha hizi kazi usiku, kwa bando la kuchanga. Hawaombi huruma. Wanaomba mtu mmoja aliyewatangulia akae nao awaonyeshe walipokosea. Kwa hiyo safari nyingine kukiwa na uzinduzi wa ofisi ya vioo na wewe umealikwa kula vitafunio, usiulize wataajiri wangapi. Uliza wangapi kati yao hawatakuwa na uzoefu wowote siku ya kwanza, na nani atakaa nao. Jibu wakikupa, niandikie hapa chini, nitawafuatilia mwaka mmoja baadaye.