Bamburi: Msitu Uliolelewa na Jongoo

Wageni wengi wanaoingia Haller Park, Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, hunyoosha moja kwa moja hadi kwa twiga. Hawana kosa. Saa ya kulisha ikifika, twiga hujileta wenyewe ukingoni mwa jukwaa, na ulimi ule mrefu wa kijivu ukikomba chakula kiganjani mwako utacheka hata kama umenuna. Lakini anayetaka kujua msitu huu ulitoka wapi ainame kwanza. Chini ya mivinje, juu ya majani makavu membamba yaliyotandazana, hupita jongoo mweusi mwenye miguu myekundu. Kama kuna mwenye nyumba hapa, ni huyo.

Pote hapa palikuwa machimbo. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi ilikuwa chini ya miguu ya wafanyakazi: mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoota enzi bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mwamba huo ukishachimbwa, hubaki sakafu nyeupe isiyo na hata konzi ya udongo. Jua likipiga, joto linarudi usoni, na ukichimbua kidogo unakutana na maji ya chumvichumvi. Mitambo ilizidi kusonga mbele na jangwa likabaki nyuma yake, kando ya barabara ya Malindi, kila mpita njia akiliona.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa tayari akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kupanda miti ndani ya shimo. Alijaribu aina 26. Iliyostahimili ni mitatu tu: mnazi, mti uitwao Conocarpus, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi. Wapwani waliujua siku nyingi kwa ajili ya nguzo na kukinga upepo wa ufukweni. Chumvi hauiogopi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Kwa hiyo uliota juu ya jiwe tupu, tena kwa kasi.

Kisha kazi ikakwama. Majani ya mvinje yalidondoka yakarundikana, hayaozi. Yana tanini nyingi, ile dawa kali inayokaza hata ngozi ya mnyama kwa watengeneza ngozi, na bakteria hawakuyaweza. Miti ilikuwepo, udongo haukuwepo. Ndipo Haller alipomwona jongoo wa miguu myekundu akiyatafuna majani yale bila shida. Jongoo wakakusanywa kwa wingi na kumwagwa msituni. Walikula, wakanya, na kinyesi chao kikawa kazi nyepesi kwa bakteria. Udongo wa kwanza wa Bamburi ulipatikana hivyo, na juu yake ikafuata miti mingine, ya asili ya pwani ikiwemo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Mabwawa yalitengenezwa, tilapia na mamba wakafugwa, pofu na twiga wakaletwa, ndege wakaja wenyewe. Umma ulifunguliwa njia mwaka 1984, na mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunuku Haller tuzo ya Global 500. Mimi siipi sifa kampuni kwa kupanda miti katika shimo ililolichimba yenyewe. Hilo ni deni. Ninachokisifu ni kwamba deni lilianza kulipwa wakati wengi hawakujua kama wanadaiwa.

Umaarufu wa dunia nzima, hata hivyo, haukuletwa na jongoo. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mchanga aliyetengana na kundi lake aliokolewa baharini karibu na Malindi. Akaletwa Bamburi, akapewa jina Owen, na siku hiyohiyo akajibanza nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Mzee alimkwepa mwanzoni, kisha akamzoea, wakawa wanakula na kulala pamoja. Paula Kahumbu, aliyekuwa akisimamia hifadhi wakati huo, alishiriki kuandika kitabu cha watoto kuhusu wawili hao, na picha zao zikazunguka dunia.

Ukisafiri leo kutoka Bamburi kwenda Kilifi, utaona mashimo mengine, ya mawe ya kujengea nyumba, yaliyoachwa wazi na kujaa maji ya mvua na mbu. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inazungumzia dhamana ya kurekebisha ardhi iliyochimbwa. Mvinje unaota vizuri tu Kilifi, na jongoo wamo vichakani, hawauzwi.