Ufikivu kwa kibodi

Ufikivu kwa kibodi ni sifa ya programu ya wavuti inayomwezesha mtumiaji kuiendesha yote kwa vitufe, bila kipanya. Unawahusu hasa wasioona, ambao husomewa skrini na programu maalumu, na watu ambao mikono yao hutetemeka au haina nguvu.

Msingi wake ni kitufe cha Tab, kinachompeleka mtumiaji kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Shift pamoja na Tab humrudisha nyuma, na Enter hufungua kiungo. Sehemu aliyofikia huzungushiwa mstari. Wabunifu wengine huuondoa mstari huo kwa ajili ya urembo, na hapo mtumiaji hajui tena yuko wapi.

HTML 4.0, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti lililotoka 1997, lilileta *accesskey*, sifa inayoipa sehemu ya ukurasa herufi yake ya mkato. Hapa vivinjari havielewani. Kwenye Windows, herufi hiyo hubonyezwa pamoja na Alt katika Chrome, ilhali Firefox hutaka Alt na Shift. Kwenye Mac ni Control na Option. Herufi nyingine tayari zina mwenyewe: kwenye Windows, Alt na D humpeleka mtumiaji kwenye upau wa anwani. Hata kwa Tab vivinjari hutofautiana: Safari ya Mac, isipobadilishiwa mipangilio, huviruka viungo Tab inapobonyezwa.

Mwongozo wa ufikivu wa wavuti WCAG 2.0, uliotolewa Desemba 2008 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unadai ufikivu huu katika kigezo 2.1.1, kilicho katika kiwango A, yaani cha chini kabisa.