Kabla hujakabidhi hiyo programu

Leo turudi nyuma kidogo. Pale Kwa Vonza, Kitui, palikuwa na taasisi ya kilimo ya Ukamba. Mwaka 2008 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 2013 ikapata hati yake kama South Eastern Kenya University, yaani SEKU. Wanaosomea kompyuta huko, kama wenzao popote, wanajua uchungu huu: programu inakubali hosteli, mwalimu akiijaribu inagoma.

Uchungu huo umekizidi chuo umri. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth wa Rensselaer, Marekani, alieleza programu ya kusahihisha kazi za wanafunzi kwenye IBM 650. Mwanafunzi alileta kadi zilizotobolewa, mashine ikatoa moja kati ya majibu mawili: jibu si sahihi, au programu imekamilika. Basi!

Lakini programu ya mwanafunzi na ile inayoisahihisha zilikaa kwenye kumbukumbu moja, kwa hiyo mtahiniwa aliweza kumharibu mtahini wake. Hollingsworth alilijua hilo. (Siku hizi tunazitenganisha, na bado wajanja wapo.)

Kisichobadilika ni kwamba data ya mwalimu huioni. Kama zoezi ni wastani wa alama, usijaribu 40, 60 na 80 tu ukaridhika. Ipe programu yako faili tupu uone: jumla sifuri, wanafunzi sifuri, nayo inataka kugawanya.