chonga ufunguo
*kt [ele]*; wingi: *chonga funguo*

Tengeneza ufunguo wa pili kwa kuiga meno ya ule wa kwanza. Mji Mkongwe, kitenzi hichohicho hutumika kwa milango ya nakshi, kwani kuchonga ni kupunguza, si kuongeza. Hivyo fundi wa Darajani huweza kuchonga upya ufunguo wa zamani kwa tupa ikiwa tu unaingia katika kitasa na meno yanayotakiwa hayazidi urefu wa yale ya awali.

Mfano: *Ufunguo umechongwa vibaya, unaingia lakini haugeuki.*

Tanbihi: Mteja *huchongesha*, fundi *huchonga*. Kauli ya kutendea ina mtego: *amenichongea ufunguo* ni huduma, *amenichongea*, bila kutaja kitu, ni amenisema kwa ubaya ili nidhurike.